Kunyamaza kwa Shaame

Siku mliponiaga mlinipa chupa ya chai, doti ya kanga na hotuba nyingi kuliko nilivyostahili. Saumu, aliyeajiriwa mwisho kati yenu, alingoja mpaka nimetia tonge la biriani mdomoni ndipo akauliza, "Bi Maryamu, unamwandikaje mtu aliyeumia moyoni, na msikilizaji akamwamini?" Nilimwashiria kwa mkono kwamba nitamjibu kesho. Kesho yake nililala mpaka jua likapanda, jambo ambalo sijalifanya tangu niolewe, na swali likanitoka. Limenirudia hapa nyumbani Tibirinzi nikichambua mchele, na safari hii sina kazi ya kusingizia. Basi Saumu, na nyote mliobaki katika chumba kile cha michezo ya redio, jibu lenu ni hili, na ni refu. Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa nitaviruka, maana havikuwahi kuniandikia hata mstari mmoja.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda kazini na kalamu mpya mkobani, nikijua nimeajiriwa kuandika. Mkuu wa michezo wakati ule alikuwa Bi Zuwena, mwalimu wa skuli aliyeacha chaki akaja redioni, mwanamke mfupi, mkali, asiyeweza kufikiri bila tambuu mdomoni. Habari za kalamu hakuniuliza. Alinipa ungo na karafuu kavu, akaniambia nilete mvua. Nikazimwaga karafuu juu ya ungo mbele ya kipaza sauti, taratibu, nikaona nimefanya kazi nzuri sana.

"Hino mvua ya wapi?" akauliza.

"Ya hapa hapa, Bi Zuwena."

"Ya hapa ya masika au ya vuli? Inapiga bati au makuti? Anza tena."

Nilishinda siku ile nikinyesha. Chumba cha kurekodia kilikuwa kimezibwa kwa magodoro ya sufi yaliyopigiliwa ukutani, na feni ilizimwa kila tulipoanza kwa sababu kelele zake zingeingia kwenye kanda. Mwigizaji akitoka humo utadhani ameoga na nguo zake. Nyinyi mna kiyoyozi na kompyuta na bado mnalalamika joto, Mungu awazidishie neema.

Iliponifikia zamu ya kuandika, nilileta mchezo wa mjane. Nilimpenda mjane wangu. Alilia mwanzo, akalia katikati, na mwisho akalia kwa kwikwi, na mimi mwenyewe nililia nikiuandika. Bi Zuwena akausoma amesimama, shavu moja limetuna kwa tambuu.

"Huyu nke kafiwa lini?"

"Mwaka jana."

"Na kutwa kucha yuko katika kulia tu?"

"Ana uchungu, Bi Zuwena."

"Ana watoto?"

"Anao wanne."

"Wanakula nini hao? Machozi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Akaketi karibu yangu, akatema tambuu kwenye kopo lake, na kwa sauti ya chini kabisa akaniambia niende nikamwandike mjane yule anapika, anafua, anamkemea mtoto, anabishana na muuza samaki, na neno msiba lisitajwe popote. "Halafu niletee, niangalie kama nitamjua kwamba kafiwa," akasema. Nilirudi kwake mara nyingi. Siku aliyoukubali ilikuwa pale mjane alipomkatalia muuza samaki changu mkubwa mzuri akachukua dagaa, kwa sababu samaki huyo ndiye aliyekuwa akimkaangia mumewe. Sababu hiyo haikusemwa mchezoni. Nilimwandika muuza samaki anasema tu, "Siku hizi hutaki tena changu, bibi?" na mwanamke anajibu, "Nipimie dagaa, jua kali." Bi Zuwena aliitikia kwa kichwa mara moja, akaenda zake. Kwake hiyo ilikuwa sherehe.

Nataka mjue kwamba hakuwa na maringo na elimu yake hiyo. Alinifungulia yote aliyokuwa nayo. Alinifundisha kwa mhusika wake mmoja, mzee aliyeunguliwa nyumba zamani. Mzee huyo alikuwa mcheshi, mbahili, mpenda kesi za mipaka ya shamba, na katikati ya mazungumzo yoyote yale alikuwa anauliza, "Jiko mmezima?" Watoto wa Chake, mji wetu, wakalidaka neno hilo, wakawa wanaulizana njiani wakitoka chuoni kusoma Kurani, "Jiko mmezima?" na kucheka. Wiki nyingi zilipita kabla mjukuu wake hajawasha kiberiti mchezoni kwa utundu tu, na mzee akammwagia mtungi mzima wa maji, kisha akabaki anaomba radhi. Wale watoto waliacha kuulizana. Nani alikuwamo ndani ya nyumba iliyoungua hatukusema kamwe, na watu walitusimamisha sokoni kutuambia sisi nani alikuwamo, kila mtu na jibu lake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jeraha halimfanyi mtu kuwa jeraha. Mzee yule tulimpenda kwa ubahili wake na kesi zake, na ndiyo maana maji ya mtungi yalitupata. Mkimwandika mtu ambaye hana jingine ila maumivu, msikilizaji atamwonea huruma mpaka kipindi kiishe, kisha ataenda kuswali magharibi na kumsahau.

Bi Zuwena alipostaafu akarudi kwao Konde kukaa na binti yake, mimi nikarithi kiti chake na kopo lake, ambalo nililiosha. Miaka mingi baadaye, katika mchezo wetu wa kila Ijumaa, nilimleta Shaame. Huyu alikuwa mchumaji wa karafuu, hodari wa kupanda. Siku moja kambini alimwita rafiki yake apande tawi la juu zaidi, tawi likakatika, rafiki akafa. Shaame akarudi kijijini, akaacha kupanda mikarafuu, na habari ya siku ile hakuisema kwa mtu yeyote. Mjane wa rafiki yake alikuwa jirani, ua kwa ua, akingoja kuambiwa mumewe alikufaje.

Tatizo langu lilikuwa la kiufundi zaidi kuliko mnavyodhani. Kwenye redio mtu asiyesema hayupo. Mwigizaji wetu, fundi cherahani wa mjini, alinilalamikia kwamba nimempa nafasi kubwa kuliko wote na maneno machache kuliko muuza maji. Nikakumbuka ungo na karafuu, nikampa Shaame sauti nyengine. Nikamkalisha uani anasokota kamba za makumbi ya nazi, kazi ambayo kwetu hufanywa zaidi na wanawake, na majirani wakamcheka kwa hilo. Tulirekodi nyuzi zikisuguliwa baina ya viganja, mkwaruzo mkavu wa taratibu. Watu wanazungumza, na kamba inakwenda. Ikitajwa karafuu, au kambi, au jina la marehemu, kamba inasimama. Haelezi mtu kwa nini. Kamba inasimama, kisha baada ya muda inaendelea.

Nilijiona nimepata. Ijumaa ya kwanza nikakaa na familia yangu kusikiliza, na kamba haikusimama hata mara moja. Nikakimbia studio. Fundi mitambo wetu, Mwinyi, mtu mwema asiyependa kuona kanda inapita bure, alikuwa amekata kimya chote akaunga kamba na kamba.

"Bi Maryamu, redio ikinyamaza watu wa shamba wanajua betri zimekufa," akasema. "Watazitoa waanike juani, na mchezo utawapita."

Alikuwa na haki, nami mwenyewe nimeanika betri nyingi. Tukakubaliana asikate, ila aweke kitu kidogo cha kuonyesha kwamba redio ni nzima. Ijumaa iliyofuata mjane alimtaja mumewe, kamba ikasimama, na katika kimya kile, pale nilipotaka Pemba nzima izuie pumzi, akawika jogoo. Nilisikia baadaye kwamba Konde, kwenye duka moja ambalo watu walikusanyika kusikiliza, waligombana mpaka adhana: wengine wakisema kumekucha siku ya pili, wengine wakisema jogoo ana maana yake na mwandishi si mjinga. Mwishowe tulitia sufuria ya maharage ichemke pembeni, tangu mwanzo wa tukio hadi mwisho. Kamba ikisimama, sufuria inabaki inatokota peke yake, na msikilizaji anajua betri ni nzima na mtu ndiye aliyenyamaza. Sauti ile ya maharage naiona mpaka leo kuwa ndiyo kazi bora tuliyoifanya mimi na Mwinyi, na jina letu halikutajwa popote kwa ajili yake.

Mchezo ulipokaribia mwisho alikuja mgeni. Mwanamke mtu mzima, buibui lake limepauka kwa chumvi, mkononi kikapu chenye pweza mkavu. Alisema anaitwa Bi Mize na ametoka Kojani, maana yake alivuka maji alfajiri, kisha akapanda gari mpaka Chake. Nilimkaribisha, tukaulizana hali, za nyumbani, za watoto, za safari, mpaka zikaisha.

"Huyu Shaame wenu," akasema, "atasema lini?"

Nikacheka. "Hiyo siri ya kazi, Bi Mize. Nikikwambia utaacha kusikiliza."

Yeye hakucheka. "Mwanangu, miye sikuja kwa mchezo."

Akanieleza, ameangalia sakafu, na nimeomba ruhusa yake kuyaandika haya, nikayabadilisha majina yote. Mwanawe Khatibu alikwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali ambako vijana wa kwao hukaa miezi, pamoja na rafiki yake Kombo. "Walikwenda wawili katika chombo, karudi mmoja. Kaokotwa na mashua nyengine, kaletwa, kaingia chumbani. Tangu hapo husema ndiyo, husema hapana, huomba maji. Habari ya Kombo haigusi. Ukimuuliza hutoka nje. Kaulizwa na babaye, na shehe, na wazee wa chombo. Hutoka nje."

"Na Kombo ana mke?"

"Ndiyo iliyonileta. Riziki, yuko kwa baba yake. Si nke wa ntu, si kizuka aliyefiwa. Hawezi kukaa eda kwani hapana aliyesema kwamba nnume kafa. Kadhi anataka amsikie aliyekuwepo, na aliyekuwepo n' mwanangu. Watu hata hawajui wamwambie nini maskini. Ukimwambia pole n' kama umemuua Kombo kwa mdomo wako. Basi wanampita njiani kama hawamwoni."

Nilimuuliza mchezo wetu unaingiaje hapo.

"Khatibu hutoka chumbani Ijumaa tu, Shaame akianza. Hukaa mlangoni. Kamba ikisimama na yeye huzuia pumzi, miye namwangalia. Ikirudi, hupumua." Akaninyanyulia uso. "Basi nakuomba, mwanangu. Huyo wenu akisema, asiseme uwongo. Wangu ataujua, na hatatoka tena chumbani."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikakaa mbele ya mswada wa mwisho, ambao ulikuwa tayari. Ndani yake Shaame anaingia msikitini Ijumaa, anasimama mbele ya watu wote, anasema kila kitu kwa maneno mazuri, analia, na kijiji kinamsamehe. Meneja wa vipindi aliupenda sana. Mimi pia niliupenda mpaka asubuhi ile. Niliogopa, wanangu. Sikuwahi kabla ya hapo kuogopa kitu nilichokiandika.

Nikapanda gari la Konde, nikamkuta Bi Zuwena kitandani, miguu imemvimba, ulimi mzima. Nikamsomea. Alifumba macho nikadhani amelala.

"Huyu kasema kwa sababu vipindi vimekwisha," akasema. "Hana sababu nyengine."

"Nifanyeje?"

"Nenda Kojani. Fanya kazi watakayokupa. Usiulize kitu."

Nikaenda. Bi Mize alinipokea kama jamaa wa Chake aliyekuja kutembea, akanikalisha kwenye mbuzi, akanipa nazi nikune. Khatibu alikuwa kijana mrefu, nadhifu, amenyoa vizuri. Nilikuwa nimemtarajia mtu aliyechakaa, na aibu ikanishika kwa kumtarajia hivyo. Bi Mize alininong'oneza kwamba wiki ile alikuwa ameanza kutoka mchana pia, kwa kazi ndogo na maneno mawili matatu. Aliteka maji, akatengeneza mlango wa banda la kuku, akamtania dada yake kwa kuunguza chapati. Ila nilimwona anavyokula: alingoja mpaka wote wameshiba, ndipo akavuta sahani. Mama yake alisema hakuwa hivyo zamani.

Dada mtu hakuweza kukaa na siri, akamwambia mimi ni nani. Nikiwa bado kwenye mbuzi, Khatibu akaja akachutama karibu na mlango wa jiko.

"Ndiye weye mwenye Shaame?"

"Ndiye mimi."

Nikaendelea kukuna nazi, kwa kuwa niliambiwa nisiulize.

"Siku ile kule kambini," akasema baadaye, "walikuwa washakula?"

Katika miaka yangu yote hakuna mhariri wala meneja aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia kweli kwamba sijui, sijaliandika. "Wewe unaonaje?"

Akafikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa njia. "Walikula. Muhogo. Ila haukuwa na chumvi. Yule mwenziwe ndiye aliyetumwa achukue chumvi, kasahau, na kusahau huko akageuza kichekesho. Kasema wataichota baharini."

Kambi ya Shaame ilikuwa shambani, katikati ya mikarafuu, na bahari haikuwapo karibu. Bi Mize alikuwa na mwiko ndani ya chungu, na mwiko haukutembea. Mimi niliendelea kukuna na nazi ilikuwa imekwisha, nakuna kifuu, na nilitamani sana kuinua uso lakini sikuinua. Khatibu akakaa kidogo, akaondoka akaenda kufunga kuku.

Njiani kurudi nilikuwa nalia na kushukuru kwa pamoja. Nilikuwa nimepewa kitu ambacho nisingekipata kwa akili yangu. Mtu aliyebeba siku mbaya haanzi na saa ile mbaya. Huizunguka kwa mbali, kwenye vitu vidogo vilivyokuwepo kabla, wakati mwenzake bado mzima na anacheka. Huko anaweza kukanyaga. Akiweza kukaa huko muda, na yule anayemsikiliza akawa hana haraka, labda atasogea.

Nilichana tukio la msikitini, nikaandika upya. Mjane anakuja uani kwa Shaame kuazima kinu, kama alivyokuja mara nyingi. Kamba inakwenda. Mjane hamuulizi kitu, anakaa, anachambua mbaazi zake. Sufuria inachemka. Kamba inasimama, hapana aliyetaja chochote, na Shaame anasema, "Siku ile tulipika ndizi." Mjane anasema, "Ndizi gani?" Naye anamwambia ndizi gani, nani alimenya, nani aliunguza, walivyogombania ukoko. Anakwenda hivyo, polepole, hadi mlangoni mwa kambi, hadi chini ya mkarafuu. Mjane anaacha kuchambua mbaazi. "Endelea," anamwambia, "nipo." Na mchezo unaishia hapo.

Chumvi sikuitia. Saumu, hili lishike. Nilichukua mwendo wa Khatibu, jinsi mtu anavyoingia katika habari yake kwa mlango wa jikoni. Chumvi yenyewe ilikuwa mali yake na Kombo, na kulikuwa na mtu mwengine aliyekuwa na haki ya kuisikia kwanza. Kuchukua namna mtu anavyotembea si sawa na kumvua viatu.

Meneja alishika kichwa. "Bi Maryamu, haijaisha hii! Watu wamesubiri kuanguka kwa mtu, wewe unawapa ndizi?" Hakuwa mtu mbaya, na ndiye aliyekuwa anapokea simu za wasikilizaji wenye hasira. Tulivutana sana. Mwisho alisema tuirushe, na simu zikija nitazipokea mimi. Zilikuja, nikazipokea.

Moja ilikuwa ya Bi Mize. Alikuwa analia, nikakaa chini kabla hajasema, kwa sababu sikujua analia kwa lipi. Alisema mchezo ulipokwisha Khatibu alibaki mlangoni, taarifa ya habari ikaanza, na yeye bado yupo. Kisha akainuka, akavaa kofia, akatoka. Mama yake akamfuata kwa mbali. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa baba yake Riziki, akapiga hodi, akakaribishwa, akaingia. Bi Mize alikaa nje ukutani na wanawake wengine waliokuja mmoja mmoja bila kuitana. Mwanawe alikuwa ndani tangu kabla ya magharibi, na alipotoka watu walikuwa wanarudi kuswali isha. Siku chache baadaye alivuka na baba yake Riziki kwenda kwa kadhi.

Sitaki mnielewe vibaya. Si redio iliyomsemesha kijana yule. Alikuwa na mama aliyevuka maji kwa ajili yake, na alikuwa na maneno yake tayari, kwenye chumvi. Sisi tulikuwa kelele ndogo ya sufuria pembeni, ya kumjulisha kwamba kuna watu na wanasikiliza. Namshukuru Mungu kwa hilo dogo. Nilikwenda Konde kumweleza Bi Zuwena. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimkatie popoo, akalia kidogo huku anatafuna. Hakuishi sana baada ya hapo, Mungu amrehemu. Kila nilichowafundisha nyinyi kimetoka kinywani mwake, na wekundu wake.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nimefika kazini nikakuta mwanamke kijana ameketi kwenye benchi la nje na baba yake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania, amevaa kanga mpya, mikono imetulia mapajani. Baba mtu akasema wana shughuli zao Chake, ila binti amekataa kupita bila kuingia. Ndiye Riziki. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani, nikamtilia chai.

"Kaanza na chumvi," akaniambia. "Kombo hakumbuki chumvi, tangu tunaoana hakumbuki. Nikasema hapa, huyu ntu alikuwa na nnume wangu kweli. Basi nikamwacha aseme yote."

Akanywa funda moja la chai.

"Nishakaa eda yangu," akasema. "Nimetoka juzi. Watu wamekuja, wote, hata wale waliokuwa wakinipita."

Nikakumbuka kwamba mimi pia sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nimemwandika mwenzake, nimempa kinu na mbaazi, nimemfikiria usiku na mchana, na neno lenyewe ambalo kila mtu wa kisiwa hiki analijua tangu utotoni lilikuwa bado halijatoka kinywani mwangu.

"Pole, mwanangu," nikamwambia.

Alikiweka kikombe chini, akaniangalia machoni, na akajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyefiwa na kuzika.

"Nishapoa, Bi Maryamu."